Maswali mnayoniuliza kila siku kibandani: gemu gani imeuza zaidi na ipi inapendwa zaidi

Nina kibanda cha gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya, tivii nne, pleisteshen mbili za kizee na mbili za juzijuzi, na nimechoka kujibu maswali yale yale huku natafuta chenji ya buku, kwaiyo nimeyaandika yote hapa, ukija na ubishi nakupa simu unasoma mwenyewe wakati unasubiri zamu. Namba nilizoweka ni zile ambazo kampuni zenyewe zimezitangaza, nyingi nimeandika "zaidi ya" maana zinapanda tu, hazishuki.

Anko, gemu gani imeuza kuliko zote duniani?

Unauliza gemu moja au ukoo mzima? Maana hapo ndo ugomvi wote unapoanzia. Gemu moja ni Minecraft, ile ya kuchimba na kujenga kwa vibloki, Oktoba 2023 walitangaza wamepita kopi milioni 300. Anayemfuata ni GTA V, yaani Grand Theft Auto ya tano, zaidi ya milioni 200. Ukisema ukoo mzima, yaani kila gemu yenye jina hilo toka ianze, hapo anakaa Mario wa Nintendo, kampuni ya Japani, ukijumlisha zake zote za kuruka, za magari, za sherehe, za tenisi, unapita milioni 800. Huyu jamaa alianza 1981 kwenye Donkey Kong akiwa hata jina la Mario hana, alikuwa anaitwa Jumpman, anapanda ngazi anakwepa mapipa.

Mbona Minecraft kwako haipo sasa?

Haijawahi kuombwa. Siku mkiilipia naiweka.

Kuna jamaa anasema Tetris ndo ya kwanza, anadanganya?

Hadanganyi, anahesabu tofauti. Tetris, ile ya kupanga vitofali vinavyodondoka, aliitengeneza Mrusi, Alexey Pajitnov, kule Moscow katikati ya miaka ya themanini, na wenye hati yake wanasema jumla imeuza zaidi ya milioni 520. Sa hapo ndani kuna Tetris za kila aina, ile ya Game Boy, kimashine cha mkononi cha Nintendo, ya 1989 peke yake ilikuwa kama milioni 35, alafu zile za kulipia kwenye simu zilishapita milioni 100 mwaka 2010. Ukisema Tetris ni gemu moja basi imewapita wote, ukisema ni ukoo basi Mario anaipita. Wote wawili mna haki, nendeni mkabishane nje.

Ila mi nacheka kitu kimoja. Sisi huku Tetris tuliijulia wapi? Kwenye vile vibriki gemu vya betri vimeandikwa 9999, unanunua mnadani, ukifungua ndani gemu zenyewe hazifiki hata kumi ila spidi tofauti tofauti. Mjomba wangu Makambako alikuwa nacho anacheza akisubiri mabasi yashushe abiria dukani kwake, mpaka vitufe vikaisha rangi. Vile vilikuwa havina kibali cha mtu yeyote, kwaiyo mjomba wangu na wenzie dunia nzima hawamo kwenye hiyo milioni 520. Hawapo kabisa.

Kwani "kopi milioni" ya gemu moja si sawa na ya gemu nyingine?

Hapana, na hapa nataka unielewe vizuri hata kama swali lingine hulisomi.

We unajua viazi vya Uyole. Mtu akikwambia leo nimeuza gunia kumi, we si unauliza kwanza gunia gani, la kawaida au lumbesa? Na umeuza shambani au umefika nazo Dar? Na bei ya msimu au ya mwezi wa njaa? Gunia ni gunia ila hayalingani. Kopi za gemu ndo hivohivo.

Wii Sports, gemu ya michezo ya mashine ya Nintendo inayoitwa Wii, imepita milioni 82, ukiangalia tu namba unasema dunia nzima ilikuwa inaililia. Lakini sehemu nyingi ilikuwa inakuja ndani ya boksi la mashine yenyewe, ukinunua Wii umepewa na Wii Sports, utake usitake (Japani waliiuza peke yake). Tetris ya Game Boy ilipandia gari hilohilo. Hata Super Mario Bros. ya 1985 yenye zaidi ya milioni 40, nyingi ziliingia nyumbani kwa watu pamoja na mashine. Sisemi ni mbaya, Wii Sports bibi alikuwa anaweza kucheza, unazungusha mkono tu mpira unapigwa, ila usiiweke mzani mmoja na gemu ambayo mtu alitoka kwake na hela kamili akaifuata dukani.

Alafu kuna bei. GTA V ilitoka 2013 kwa bei kamili, baadae ikashuka ikashuka, mwezi wa tano 2020 kuna duka la onlaini la Epic liliigawa bure kabisa kwa wenye kompyuta. Anayenunua leo kwa bei ya kutupa na yule aliyepanga foleni usiku siku ya kwanza wote wanahesabiwa moja moja.

Na kuna mzigo uliopelekwa dukani na mzigo uliotoka mkononi mwa muuzaji. Kampuni nyingi zinatangaza ule wa kwanza. Gari limeshusha viazi Dar, mwenye shamba anasema nimeuza, wakati nusu bado vimekaa vinachipua.

FIFA na Winning Eleven ipi kubwa?

Nilijua tu.

Kwa mauzo hakuna mechi. FIFA ilianza mwisho wa 1993, kazi ya EA, kampuni ya Marekani, na ilivofika 2021 walikuwa wameshauza zaidi ya milioni 325. Ukoo wa Winning Eleven, ambao Ulaya uliitwa PES, wa Konami wa Japani, ulianza 1995 na jumla yake ni zaidi ya milioni 100. Kwaiyo FIFA ni mara tatu, tumemaliza.

Ila sasa njoo kibandani kwangu 2009 uniambie FIFA ni mara tatu. Watu walikuwa wanaiita gemu yoyote ya mpira "Winning", hata ukiweka FIFA mtu anasema niwekee ile Winning nyingine. Madogo walikuwa wanamjua Castolo na Minanda na Ximelez, watu ambao hawajawahi kuzaliwa, ni majina Konami walibuni kwa ajili ya ile timu ya kuanzia kwenye Master League, sehemu ya gemu unayojenga timu yako mwenyewe, na kuna mtu Mafiati mpaka leo jina lake la mtaani ni Minanda. Adriano wa Inter kwenye PES 6 tulimpiga marufuku, ukimchagua Inter unalipa mechi mbili. Liverpool ilikuwa inaitwa Merseyside Red kwa sababu Konami hawakuwa na hati ya ligi ya Uingereza, na sisi hatukujali, tulikuwa tunajua tu kwamba hao ndo Liverpool, alafu wahuni wakaja na CD zilizochongwa upya zenye jezi na majina ya kweli, ikaisha hiyo shida.

Kwanini Winning ilitushika hivi? Mi naona ni mashine. PS2, yaani pleisteshen ya pili, iliuza kama milioni 160, kwa miaka mingi hakuna mashine ya gemu iliyoifikia, na ilidumu kuliko umri wake, Sony waliacha kuitengeneza 2013 wakati PS3 ina miaka sita sokoni. Kwetu ilikuja ikiwa imeshashuka bei na imeshawekwa chipu, inasoma CD yoyote ya kuchoma. Na Winning ya enzi za PS2 ilikuwa ndo kipindi chake bora, mpira mzito, pasi unaipanga mwenyewe. FIFA ilikuja kumpita mwenzie enzi za PS3, wakati Konami wanahangaika kuzoea mashine mpya, wenzao wana hati za ligi, wana kucheza onlaini, wana Ultimate Team toka 2009 ambayo unanunua wachezaji kwa hela halisi. Mambo yote hayo yanataka intaneti. Kijana wa Mwanjelwa mwaka huo intaneti alikuwa anaipata kafe kwa nusu saa, kwaiyo kilichoipandisha FIFA huko duniani kwetu hakikuwepo, na kilichoibeba Winning kilikuwepo tele, watu wawili kwenye benchi moja wanatukanana.

FIFA iliingia kwa nguvu ilipokuja PS4. Na usisahau Samatta, alivokuwa Genk tayari unamkuta humo, alafu 2020 akaenda Aston Villa, wiki ile Villa ilichaguliwa hapa kuliko Barcelona.

Kwani FIFA imekufa? Naona imeandikwa FC.

Haijafa, imebadili jina. EA na shirikisho la FIFA walishindwana kwenye mkataba, FIFA 23 ikawa ya mwisho, Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Gemu ni ileile na timu ni zilezile. Hapa wote bado mnaita FIFA na mi kwenye ubao nimeacha FIFA, rangi ni hela.

Na eFootball tunahesabuje, si ni bure?

Hapo ndo hesabu ya zamani inakufa. 2021 Konami walilitupa jina la PES wakatoa eFootball bure, siku ya kwanza watu waliwatukana sana maana wachezaji walikuwa na sura kama zimeyeyuka, ila baadae ikatengamaa. Gemu ya bure haina kopi iliyouzwa. Wanakutajia mara ngapi imepakuliwa. Lakini dogo anayeishusha, inamaliza memori, anaifuta, wiki ijayo anaishusha tena kwa simu ya dadaake, huyo ni wangapi? Ndo maana mi huwa siweki zile za bure za kupigana risasi kwenye simu, PUBG Mobile na Free Fire, wala eFootball kwenye orodha moja na Mario. Uliza ni wangapi wanaingia kila mwezi, au wanatoa hela ngapi, hapo tutaongea.

GTA San Andreas si ndo imeuza kuliko zote za GTA?

Ungeniuliza hivi kabla ya 2013 ningekubali. San Andreas ya 2004 iliuza zaidi ya milioni 27, na ilikuwa ndo gemu iliyouza zaidi kwenye PS2. GTA V ilikusanya dola bilioni 1 ndani ya siku tatu za kwanza, na leo karibu nusu ya kopi zote ambazo ukoo wa GTA umewahi kuuza toka 1997 ni za GTA V peke yake. Wenzie wote kuanzia ile ya kwanza iliyotengenezwa Dundee kule Uskoti, GTA III ya 2001, Vice City ya 2002, CJ wa San Andreas na baiskeli yake, GTA IV, wote wakipangwa upande mmoja wanalingana na huyo mmoja upande wa pili.

Ujanja wa GTA V ni kwamba ilitolewa PS3 na Xbox 360 (mashine ya Microsoft), mwaka uliofuata PS4, alafu kompyuta 2015, alafu PS5 mwaka 2022. Mtu yuleyule kainunua mara tatu! Na ina onlaini inayoendelea kuongezwa vitu.

Ila kwa mapenzi, mi nimeona kwa macho yangu. GTA V wanakuja vijana wa chuo kule Iyunga, wanacheza nusu saa wanaondoka. San Andreas kuna mtu alikuwa anatembea na memori kadi yake imefungwa kwenye kitambaa shingoni kama hirizi, ina misheni zote mpaka ile ya treni, na siku dogo mmoja alipoisevia juu yake tuliamua ugomvi mpaka saa tano usiku. Hajanunua kopi hata moja ya San Andreas maishani mwake yule. Wala mi sijanunua, ile CD ilichomwa.

Kwaiyo sisi wa vibandani hatuhesabiwi?

Hatuhesabiwi. CD moja ya Winning hapa kwangu imechezwa na watu ambao nikiwapanga wanajaza uwanja wa Sokoine jukwaa zima, miaka minne, mpaka ikachubuka nikawa naifuta kwa dawa ya meno. Kwenye vitabu vya Konami hiyo CD ni sifuri, siyo hata moja, maana ni ya kuchoma. Sasa zidisha kwa kila kibanda kuanzia Tunduma mpaka Mafinga.

Na Mario ni hivohivo. Wengi waliokua miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni walimcheza kwenye zile TV gemu za kaseti za njano zinazofanana na mashine ya Nintendo lakini siyo za Nintendo, senti tano haikufika Japani. Ndo maana mtu akiniambia "Afrika hawapendi Mario, angalia mauzo" namuuliza mauzo ya nani.

Sisifii kuchoma CD, watu walitengeneza kwa jasho. Sa hivi nanunua diski halali za PS4 za mtumba, ambazo hata hizo zikiuzwa mara ya pili hazihesabiwi tena, ila angalau mara ya kwanza kuna mtu alilipa. Nasema tu orodha ya mauzo inaonyesha nani alilipa. Nani alipenda, hiyo haionyeshi.

Call of Duty vipi?

Hiyo ni ya vita, kupigana risasi, toka 2003, na kuanzia 2005 kila mwaka lazima itoke moja, studio zinapokezana. 2021 walisema wamepita milioni 400. Ukigawa kihuni kwa zile kubwa 17 zilizokuwa zimetoka mpaka hapo unapata kama milioni 23 kila moja. Fanya hivohivo kwa FIFA, 325 gawa kwa kama 28, unapata milioni 11 na kitu. Huu ndo mfumo wa shamba la mahindi, kila mwaka unalima unavuna. GTA ni mti wa parachichi wa Njombe, unasubiri miaka ila ukizaa umezaa. Microsoft waliona hilo shamba wakalinunua lote 2023, Activision Blizzard nzima, kama dola bilioni 69.

Hapa kwangu inachezwa kidogo, ni gemu ya mtu mmoja mmoja na hedifoni, mi nalipwa kwa mechi.

Pokémon mbona hatuisikii huku?

Ni ya kukamata na kufuga viumbe vya kubuni, imepita kopi milioni 480 toka 1996, na ina ujanja wa aina yake, wanatoa gemu mbili kwa mpigo karibu sawasawa, nyekundu na kijani, kila moja ina wanyama ambao mwenzie hana, ili mbadilishane. Kuna watoto wananunua zote mbili. Na hela kubwa wala siyo gemu, ni midoli, kadi, nguo. Huku hatuisikii sababu ilikaa kwenye vimashine vya Nintendo vya mkononi ambavyo havikuletwa kwa wingi, na kile kimashine ni cha mtu mmoja, huwezi kukifanyia biashara kibandani.

Kuna gemu imeuza sana alafu hakuna hata mmoja hapa anaijua?

Madden! Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, toka 1988, zaidi ya milioni 130, kumpita Winning, na nusu ya dunia haijawahi kuigusa. Karibu wote ni Marekani. Na Dragon Quest, toka 1986, zaidi ya milioni 80, Japani ni kama sikukuu ikitoka, ukivuka bahari watu wanakuuliza ndo nini. Kwaiyo gemu inaweza kupendwa kwa kina sehemu moja na nyingine ikapendwa juujuu kila mahali.

Wadada wanacheza gemu gani?

Hizohizo, kuna dada wa Soweto ya hapahapa Mbeya anawafunga wote mnaosoma hapa. Ila The Sims ya mwaka 2000, ya kujenga nyumba na kulea familia, imewashika sana kina dada huko nje, na ukoo wake uko jirani na milioni 200.

Na ile ya nyoka ya Nokia?

Ukiniuliza mi, mshindi wa kweli ni huyo. Ilianza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, ikaja kwenye 3310, ikakaa kwenye mamia ya milioni ya simu. Baba alicheza, mwalimu alicheza, shangazi Tukuyu alicheza wakati anasubiri mtandao urudi. Mauzo yake sifuri, haikuwahi kuwa na bei.

Umeme ukikatika dakika ya 80 naongoza 3-1, hela yangu inakuwaje?

Matokeo yanabaki, hela hairudi. Mkiwa sare mnarudia ukiwaka, anayeondoka kabla amefungwa. Na mwezi wa sita na wa saba mje na soksi nzito, jiko la mkaa siweki tena ndani, lilishaniunguzia waya wa pedi ya kuchezea.